UZI: Ziara ya anatomia na riwaya za kutisha Edinburgh – anza na bei ya maiti, mizimu baadaye

Mtaa_wa_Mifupa (#1)

Wakuu salaam. Maswali kuhusu ziara hii yanajirudia kwenye nyuzi tofauti, basi tuyakusanye hapa. Ziara za mizimu za usiku zimejaa pale Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na hii si mojawapo. Hii ni ya mchana, ya miguu, siku moja.

Kosa la wengi wanaoipanga ni kuanzia kwenye fuvu. Anzia kwenye bei. Usipojua maiti iliuzwa kwa kiasi gani na kwa nini, chupa zote za viungo vya maiti kwenye makumbusho zinageuka vitu vya kuchefua tu, na Stevenson, mwandishi wa hadithi za kutisha, anaonekana kama mtu aliyejitungia balaa kichwani.

Hesabu yenyewe ni hii. Chama cha vinyozi na wapasuaji wa Edinburgh kilipata hati yake 1505, na humo kikapewa maiti moja ya mhalifu aliyenyongwa kila mwaka. Moja! Sheria ya Mauaji ya 1752 ikaongeza kidogo: muuaji akishanyongwa hazikwi hivi hivi, anapasuliwa kwanza au ananing'inizwa kwa minyororo. Lakini wauaji wanaonyongwa ni wachache, na wanafunzi wa udaktari wakazidi kuongezeka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1820, Robert Knox peke yake, mwalimu wa binafsi pale Surgeons' Square, alikuwa na wanafunzi zaidi ya 500. Walimkimbilia yeye kwa sababu profesa wa chuo kikuu, Alexander Monro wa tatu, alikuwa akichosha. Inasemekana alisoma darasani maandishi ya babu yake. Sasa gawa maiti za wanyongwa kwa vichwa hivyo vyote. Haigawanyiki. Pengo likazibwa na wafukua makaburi.

Burke na Hare, wale wauaji waliomuuzia Knox maiti, hawakufukua hata kaburi moja. Novemba 1827 mpangaji mzee wa Hare alikufa kwa maradhi akiwa anadaiwa kodi. Wakajaza magome ya kutengenezea ngozi ndani ya jeneza, likazikwa, na mzee wakampeleka kwa Knox. Wakapewa paundi 7 na shilingi 10. Kuanzia hapo hadi tarehe 31 Oktoba 1828 wakaua watu 16. Bei ikawa paundi 10 majira ya baridi, 8 kiangazi. Tofauti hiyo inatokana na ratiba ya darasa: anatomia ilifundishwa wakati wa baridi, kwa kuwa hapakuwa na friji wala formalini (dawa ya kuhifadhia maiti), na maiti ya kiangazi huoza kabla mwalimu hajafika kwenye ini.

Njia sasa. Anza kanisa la St Cuthbert's, pembeni ya Lothian Road. Kile kimnara cha mviringo kwenye kona ya makaburi ni kibanda cha walinzi, 1827. Shuka King's Stables Road hadi West Port na Grassmarket. Kichochoro cha Tanner's Close, nyumba ya Hare ilipokuwa, hakipo tena, kwa hiyo usipoteze dakika kumi kukitafuta. Panda Candlemaker Row hadi Greyfriars. Vuka barabara uingie National Museum of Scotland, ukitoka nenda Lawnmarket, mchana ukamalizie Surgeons' Hall Museums. Ukibahatika tarehe, ongeza Anatomical Museum ya chuo kikuu, Teviot Place mlango wa 3. Hiyo haifunguliwi kila siku, ni siku chache tu. Angalia tarehe zake KWANZA, halafu ndiyo ukate tiketi ya ndege au treni.

Bi_Maktaba (#2)

Uzi mzuri. Niongeze upande wa vitabu, maana watu hubeba kitabu kisicho chake.

Kwa ziara hii kitabu chenyewe ni "The Body Snatcher" ya Robert Louis Stevenson, hadithi fupi iliyotoka Desemba 1884. Inasomeka yote kwa chini ya saa moja. Fettes ni msaidizi wa mwalimu wa anatomia anayetajwa kwa herufi K tu, na kila msomaji wa Edinburgh alijua K ni nani. Kazi ya Fettes ni kufungua mlango alfajiri, kupokea mzigo, kulipa, na kutouliza. Wasomeeni wanafunzi sehemu hiyo ya malipo mbele ya mlango wa Surgeons' Hall, si makaburini. Hofu ya hadithi ile iko kwenye daftari la mahesabu. Mzuka unakuja ukurasa wa mwisho, na sitausema.

Jekyll na Hyde (1886), ya Stevenson huyo huyo, nayo ina chake. Wengi hupitiwa na mstari mmoja: Dk. Jekyll alinunua nyumba kwa warithi wa mpasuaji maarufu, na maabara yake ya kemia nyuma ya bustani ilikuwa zamani chumba cha kupasulia maiti. Hyde, nafsi yake mbaya, anatokea kwenye mlango wa chumba hicho, mlango usio na kengele wala kigonga. Nyumba ina uso wa wageni na mgongo wa maiti.

Mkiwa Lawnmarket ingieni Lady Stair's Close, Writers' Museum, bure. Kuna kabati la mbao lililotengenezwa na Deacon Brodie, fundi seremala na diwani mchana, mwizi wa kuvunja nyumba usiku, aliyenyongwa 1788. Kabati hilo lilikuwa nyumbani kwa akina Stevenson alipokuwa mtoto. Na Burke alinyongewa hapo hapo Lawnmarket, tarehe 28 Januari 1829.

kijana_wa_fasihi (#3)

Asante wakuu. Kwa hiyo Frankenstein nayo ilitokana na Burke na Hare?

Bi_Maktaba (#4)

Hapana mwanangu, na hilo hata waongozaji wa ziara wanalikosea. Frankenstein ilitoka tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Burke na Hare walianza karibu miaka kumi baadaye. Mary Shelley, mwandishi wake, alikulia London, na wafukua makaburi walikuwepo London tangu kabla hajazaliwa.

Mengine ya kufuta kichwani kabla hamjaingia makumbusho:

Kitabuni hakuna radi inayopiga meza wala mitambo ya umeme. Kuna "cheche" ya uhai tu, usiku wa mvua wa Novemba, mshumaa ukikaribia kwisha. Umeme ulioonekana umeletwa na filamu. Habari ya galvani, yaani kutikisa misuli kwa umeme, mwandishi mwenyewe anaitaja kwenye utangulizi wa toleo la 1831.

Kiumbe ana urefu wa futi nane kwa sababu ya kifundi kabisa: Victor Frankenstein, aliyemtengeneza, aliona viungo vidogo vinamchelewesha, akaamua kufanya kila kitu kikubwa. Mtu aliyewahi kutenganisha mshipa wa fahamu na mshipa wa damu kwa kibanio atamwelewa.

Na vifaa havikutoka makaburini peke yake. Anataja chumba cha kupasulia maiti na machinjio. Machinjio! Filamu nyingi zimeliruka hilo.

Daktari_Mstaafu_wa_Chupa (#5)

Nije kwenye Surgeons' Hall, maana ndiko watu wanakozunguka dakika ishirini wakatoka na kichefuchefu bila kuona kitu. Jengo la Playfair, 1832. Tenga saa mbili kamili. Ni la kulipia, na picha haziruhusiwi, kwa sababu mle mna mabaki ya binadamu. Usibishane na mlinzi. Beba penseli na daftari.

Kabla ya kusoma kibao, soma chupa yenyewe. Chupa ya zamani ilijazwa spiriti, yaani pombe kali. Formalini haikuwepo, matumizi yake ya kuhifadhia tishu yalianza 1893. Kwa hiyo mchoro au filamu yoyote inayomweka Knox kati ya mapipa ya formalini ni uongo. Spiriti hufyonza maji na mafuta kwenye tishu, hivyo ini na moyo vyote huishia rangi ile ile ya nyama iliyochemshwa. Kioevu cha manjano maana yake mafuta yametoka kwenye sampuli yakayeyuka humo.

Mdomo wa chupa ndiko kazi ilikokuwa. Kibofu cha nguruwe kililowekwa, kikavutwa juu ya mdomo na kufungwa kwa uzi; juu yake bati jembamba la risasi; juu yake kibofu kingine; mwisho rangi nyeusi. Kikishakauka kinabana kama ngozi ya ngoma. Tatizo: spiriti hupenya polepole, kiwango kinashuka, na sehemu ya juu ya sampuli inabaki nje, inakauka na kusinyaa. Ukiona sampuli ambayo juu ni nyeusi na ngumu na chini ni laini, hapo kuna chupa iliyosahauliwa kujazwa wakati fulani.

Zile zenye mishipa myekundu kama matumbawe ni kazi ya sindano. Nta ya rangi iliyoyeyushwa inasukumwa kwenye ateri ikiwa ya moto na kiungo nacho kikiwa kimepashwa kwenye maji ya moto. Kiungo kikiwa baridi nta inaganda njiani, mishipa midogo haijai. Ukiisukuma kwa nguvu, mshipa unapasuka na nta inavuja, unaona bonge jekundu lisilo na umbo. Zipo chache za namna hiyo ukitazama vizuri, na mimi hizo nazipenda kuliko zile safi.

Halafu kijitabu. Kiko kwenye kabati pamoja na kinyago cha uso wa Burke kilichotolewa baada ya kunyongwa. Ni pochi ndogo ya ngozi ya kahawia, unaweza kuipita ukidhani ni ya kuwekea kadi. Maandishi ya dhahabu yanasema ni kijitabu cha ngozi ya Burke, na tarehe ya kunyongwa. Ngozi ni yake kweli. Adhabu ya muuaji ilikuwa kupasuliwa, na Monro alimpasua mbele ya wanafunzi. Waliokosa tiketi walifanya fujo mpaka wakaingizwa kwa makundi. Monro alichovya kalamu kwenye damu ya Burke akaandika kwamba haya yameandikwa kwa damu yake, iliyotoka kichwani. Kiunzi chake cha mifupa kiko Teviot Place.

Jambo moja zaidi: Knox ndiye aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho hii ya wapasuaji. Makusanyo mengi unayoyapita aliyapanga yeye. Hakushtakiwa.

FundiChuma (#6)

Greyfriars: mtaona vizimba viwili vya chuma vilivyolala juu ya makaburi. Waongozaji wa usiku husema ni vya kuwazuia wafu wasitoke. Ni vya kuwazuia walio hai wasiingie.

Kizimba cha aina hii kilikuwa cha muda na cha kukodi. Maiti ikikaa wiki kama sita imeoza, haifai darasani, kizimba kinaondolewa kinapelekwa kwa mwingine. Kwingineko Uskoti kilizikwa kabisa na jeneza, bamba zito lenye fito, kufuli mbili, funguo zikashikwa na watu wawili tofauti. Bila wote wawili hakifunguki. Maskini asiyeweza kukodi alichanganya majani makavu au vijiti kwenye udongo wa kaburi, maana jembe hunasa humo na kazi huchelewa. Kibanda cha St Cuthbert's ni njia ya tatu: ndugu wanalala zamu.

Mwanasheria_Njaa (#7)

Kuchelewesha ndiyo ilikuwa hoja yenyewe, maana wale wafukua makaburi walifanya kazi kwa muda mfupi sana. Hawakufukua kaburi zima. Walichimba upande wa kichwa tu, kwa sepetu ya mbao isiyogonga mawe kwa kelele, udongo wakaumwaga juu ya turubai ili majani yasichafuke. Wakafikia theluthi ya juu ya jeneza, wakaingiza kulabu chini ya kifuniko na kuvuta. Udongo uliobaki juu ya theluthi mbili za chini unakuwa ndio uzito, kifuniko kinavunjika katikati. Gunia juu yake kuzima mlio. Kamba kwapani, juu.

Kisha wakamvua sanda na kuirudisha kaburini. Kwa sheria ya Uingereza yenyewe maiti haikuwa mali ya mtu, kwa hiyo kuichukua si wizi. Sanda ina mwenyewe, ukiichukua ni mwizi. Angalizo kwa mtakaosimulia hili Edinburgh: Uskoti ina sheria yake, na kule kuvunja kaburi lilikuwa kosa la jinai linalojitegemea. Msichanganye.

Sheria ya Anatomia ya 1832 ndiyo iliyoua biashara hii, kwa kuruhusu maiti zisizodaiwa na ndugu kutoka nyumba za maskini na hospitali zipelekwe shuleni. Kupasuliwa, ambako jana kulikuwa adhabu ya muuaji, kukawa fungu la aliyekufa bila nauli ya mazishi.

Mpwa_wa_Pwani (#8)

Hapa ndipo mimi nakumbuka mumiani. Kuna uhusiano au tunalazimisha?

Bi_Maktaba (#9)

Neno lina uhusiano, tukio halina. Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi, la kitu cheusi kama lami kilichouzwa pwani kama dawa ya mifupa iliyovunjika. Kamusi za Kiswahili za enzi ya ukoloni zinalieleza hivyo, zikaongeza kwamba watu waliamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Wauza dawa wa Ulaya nao kwa karne kadhaa waliuza "mumia", unga wa maiti za Misri, watu wakanywa. Neno moja, pande mbili za bahari.

Simulizi za wazimamoto wanaonyonya damu Nairobi na Kampala zina umbo lile lile la hofu ya Burke na Hare pale West Port: mtu mwenye mamlaka na vyombo, maskini anayetoweka usiku, na malipo. Tofauti ni kwamba Edinburgh kesi ilifika mahakamani na majina yakapatikana. Usilibebe zaidi ya hapo.

Mtaa_wa_Mifupa (#10)

Umenikumbusha. National Museum, bure, ulizia vijeneza vya Arthur's Seat. Juni 1836 vijana waliokuwa wakiwinda sungura mlimani walikuta vijeneza 17 ndani ya pango dogo, kila kimoja na mwanasesere wa mbao aliyevikwa nguo. Vimebaki 8. Urefu ni kama milimita 95. Kimoja kinatosha kwenye kiganja. Vifuniko vimepambwa kwa vipande vya bati.

Kwa nini 17? Maiti zilizouzwa kwa Knox ni 17: wale 16 na yule mzee wa kwanza. Nadharia ni kwamba mtu aliwafanyia mazishi waliokosa kaburi. Ni nzuri mno, na ina matundu mawili. Kumi na wawili kati ya wale 17 walikuwa wanawake, na wanasesere wamevaa kiume. Pili, tazameni nyuso kwa karibu: macho yako wazi, mgongo umenyooka. Wanafanana na askari wa kuchezea waliotafutiwa kazi nyingine. Waachieni wanafunzi wabishane hapo hapo mbele ya kioo, dakika kumi zinatosha.

Mpasua_Mbao (#11)

Wenye siku ya pili London: Hunterian Museum, Lincoln's Inn Fields, bure, ilifunguliwa upya 2023. Ndiko kuliko na makusanyo ya mpasuaji John Hunter. Nyumba yake ya Leicester Square ilikuwa na mlango wa mbele wa wagonjwa na wageni, na wa nyuma, Castle Street, ambako maiti ziliingia. Soma na Jekyll, lakini sema ukweli: kufanana kwa ramani si ushahidi kwamba Stevenson aliinakili.

Msiende mkitafuta kiunzi cha Charles Byrne, "jitu la Ireland", sentimita 231, aliyekufa 1783 akiwa ameomba azikwe baharini ili Hunter asimpate. Hunter alimpata. Tangu 2023 hayupo kwenye maonyesho. Vitabu vingi vya wasafiri bado vinamtaja.

St Pancras Old Church kuna jiwe la kaburi la Mary Wollstonecraft, mama yake Mary Shelley, aliyefariki kwa homa ya uzazi siku kumi na moja baada ya kumzaa. Jiwe lipo, mifupa ilihamishiwa Bournemouth 1851. Old Operating Theatre, karibu na London Bridge, iko darini kwa kanisa, ngazi 52 za kuzunguka, nyembamba. Mwenye magoti mabaya abaki chini.

Daktari_Mstaafu_wa_Chupa (#12)

Na jaribio la Aldini la kupitisha umeme kwenye maiti liwekwe London, si Edinburgh. Januari 1803, maiti ya George Forster aliyenyongwa Newgate. Betri ya sahani za zinki na shaba, waya mdomoni na sikioni: taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka. Mary alikuwa na miaka mitano. Misuli hukubali umeme kwa saa chache baada ya kifo kwa sababu seli zake hazijafa zote kwa pamoja. Moyo haukurudi kupiga.

mwl_wa_kidato (#13)

Kundi langu ni wanafunzi 18, miaka 16 hadi 17. Nini huharibika?

Mtaa_wa_Mifupa (#14)

Mwalimu, mambo ya kawaida kabisa.

Wanazimia. Si wengi, na mara nyingi si mbele ya damu bali mbele ya chupa za watoto wachanga. Sababu kubwa ni kusimama muda mrefu magoti yamekazwa na tumbo tupu. Wapate chakula saa sita mchana kabla ya Surgeons' Hall, wagawe makundi ya sita sita, na kila dakika 25 wakae. Waambie mapema chumba kipi kina nini. Mtoto akiambiwa anaweza kuchagua kubaki nje, na asiulizwe kwa nini.

Saa. Tiketi ikisema 10.00 ni saa nne asubuhi yetu. Kuna makundi yamefika saa kumi jioni.

Mawe ya West Port yakilowa yanateleza. Viatu vyenye soli ya mpira.

Kicheko. Vijana hucheka wakiogopa. Dawa yake ni majina: kabla ya kijitabu cha Burke, mtaje James Wilson, kijana aliyejulikana na mji mzima kiasi kwamba wanafunzi wa Knox walimtambua mezani, na Margaret Docherty, wa mwisho, ambaye mwili wake ndio ulioifichua kesi. Mkipata nafasi, gusieni pia Berlin: mwaka 2023 ilitangazwa uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa enzi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, 202 ya Tanzania. Hapo hawatacheka.

mwl_wa_kidato (#15)

Nimeelewa mkuu. Daftari na penseli, chakula saa sita, makundi matatu. Teviot Place kwanza nitazame tarehe.

Mtaa_wa_Mifupa (#16)

Ukiingia pale, ukumbi una viunzi viwili vya tembo. Wapige picha ya kundi nje barabarani, siyo pale.